ASKARI WETU WALIOTUTANGULIA: MAJINA YAO YAKO WAPI?

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi vijana mnaoendelea na masomo,

Kila tunapokutana katika mkutano wetu, huwa tunawakumbuka walimu na wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Tunasimama kimya kwa dakika moja, kisha tunaendelea na ratiba. Mwaka huu nimeombwa niandike juu ya kundi ambalo katika ukumbusho huo hutajwa kwa jumla tu, nalo ni kundi la askari: wale waliokwenda vitani kutoka nchi hii, waliorudi na wasiorudi.

Mimi si mwanajeshi. Ni mtumishi wa serikali niliyesoma historia chuo kikuu, na kazi yangu ya kila siku ni mafaili. Kazi hiyo imenifunza jambo moja kubwa. Penye jina pana mtu. Pasipo jina hapana madai, hapana kiinua mgongo, na baada ya miaka michache hapana hata kumbukumbu. Kwa hiyo sitasimulia vita kwa mapana yake, maana vitabu vya kazi hiyo vipo. Nitauliza swali moja tu kwa kila kizazi cha askari wetu: majina yao yako wapi?

Sanamu na Kariakoo

Anayepita makutano ya Barabara ya Samora na Mtaa wa Azikiwe jijini Dar es Salaam humwona askari wa shaba amesimama, ameshika bunduki yake, singe imeelekea bandarini. Wazee wa mji waliliita Sanamu la Bismini. Lilizinduliwa mwaka 1927, na wenzake wa namna hiyo wakasimamishwa Nairobi na Mombasa, kwa ukumbusho wa Waafrika waliotumikia Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ya mwaka 1914 hadi 1918.

Mahali hapo hapo, kabla ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyeongoza majeshi ya kuivamia pwani yetu. Chini ya miguu yake aliwekwa askari Mwafrika. Basi ilikuwa hatua fulani kwamba mwaka 1927 askari huyo alipandishwa juu na kusimama kwa miguu yake mwenyewe. Lakini ukilizunguka sanamu lote hutaona jina la mtu hata mmoja. Askari yule ni wote, na kwa sababu hiyo si mtu yeyote.

Tena askari walikuwa wachache kuliko wapagazi. Vita ile ilipiganwa porini, mahali ambapo mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe, na barabara za magari hazikuwapo. Risasi, unga, dawa na majeruhi vilibebwa kwa kichwa na bega la Mwafrika. Wanaume walikusanywa vijijini kwa malaki, wengi wao kwa nguvu. Inakadiriwa kwamba karibu laki moja hawakurudi, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali na kuhara damu, malaria, homa na njaa. Mtaa wa Kariakoo, ambao sote tumeununulia nguo na viatu vya shule, umepata jina lake kutokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, kwa kuwa kambi yao ilikuwa hapo. Kikosi kimeacha jina sokoni. Watu wake hawakuacha majina popote.

Neno hili si langu peke yangu. Mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ya uchunguzi wake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika hata 350,000, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza wakilitumikia jeshi la Kiingereza, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi. Radhi ni jambo jema, lakini imekuja baada ya zaidi ya miaka mia moja. Wajane wameshakufa, na watoto nao wameshakufa.

Watatu wa Colito

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ya mwaka 1939 hadi 1945, watu wapatao 87,000 wa Tanganyika waliingia jeshini. Waliokuwa wapiganaji wa miguu waliingizwa hasa katika King's African Rifles, jeshi ambalo babu zetu waliliita Keya. Kikosi cha 6 ndicho kilichokuwa cha Tanganyika. Vita ilipopamba moto na batalioni nyingine kuundwa, zile za Tanganyika zilipewa namba zenye kuishia na tarakimu hiyo hiyo: ya 26, ya 36, ya 46. Kijana ukikuta namba ya namna hiyo katika karatasi kuukuu ya babu yako, ujue umeshika mwanzo wa uzi.

Kazi yao kubwa ya kwanza ilikuwa Uhabeshi, nchi iliyokuwa imetekwa na Waitalia. Tarehe 19 Mei 1941 batalioni ya kwanza ya kikosi cha 6 ilivuka mto na kushambulia mahali panapoitwa Colito. Waitalia wakawarudishia kwa vifaru, na askari wetu hawakuwa na silaha ya kuvizuia. Hapo sajini mmoja Mzungu wa Kenya, Nigel Leakey, alikipanda kifaru kimoja kwa nyuma, akakifungua mlango wa juu na kuwapiga risasi waliokuwamo. Kisha akaendelea kuviwinda vingine kwa miguu. Akakiparamia kingine, na hapo akauawa. Mwaka 1945 alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Kiingereza. Alistahili, na hakuna mwenye haki ya kumnyang'anya heshima hiyo.

Lakini yasome maelezo rasmi ya nishani ile hadi mwisho. Yanasema kwamba alipokwenda kuwinda vifaru kwa miguu hakwenda peke yake. Alifuatana na sajini-meja Mwafrika na askari wengine wawili. Maelezo yanaishia hapo. Watu watatu walitoka mafichoni na kuviendea vifaru kwa bunduki tu, katika uwanja uliokuwa ukifyekwa na risasi za bombomu, na karatasi iliyoandikwa makusudi kwa ajili ya kuhifadhi ushujaa wa siku ile haikuona haja ya kuwataja majina. Sajini-meja ni cheo kikubwa katika batalioni. Mtu huyo alijulikana kwa jina na kila askari, na kila ofisa alimwita kwa jina kila asubuhi.

Jina la Colito lenyewe lilipata bahati kuliko watu wake. Baadaye kambi ya jeshi iliyo nje kidogo ya Dar es Salaam iliitwa kwa jina hilo, na humo ndimo yalimoanzia maasi ya tarehe 20 Januari 1964. Jeshi la kurithi likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kambi hiyo leo ni Lugalo, kwa kumbukumbu ya mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa walilivunja jeshi la Kijerumani la Zelewski mwaka 1891. Mabadiliko hayo yalikuwa ya haki, kwani taifa huru halina budi kuchagua majina yake. Hata hivyo watatu wa Colito walipotea mara ya pili. Mkoloni hakuwaandika kwa kuwa walikuwa Waafrika, nasi hatukuwatafuta kwa kuwa walikuwa askari wa mkoloni.

Bahari na misitu ya Burma

Baada ya Uhabeshi walipelekwa mbali zaidi. Mwaka 1942 brigedi ya Afrika Mashariki ilipigana Madagaska. Kuanzia mwaka 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru mnyama, ilipelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, ili ijiandae kupigana na Wajapani huko Burma.

Safari yenyewe ilikuwa vita. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa muda usiotimia hata dakika mbili. Watu wapatao 1,300 walikufa, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Nyambizi ile ilijificha chini ya mahali walipokuwa wakielea walionusurika, na manowari zilizokuwa zikilinda msafara zikatupa mabomu ya kina hapo hapo hadi ikapatikana na kuzamishwa. Katika mashule yetu tunafundishwa meli nyingi zilizozama duniani. Hii, iliyobeba watu wetu, sijaiona katika kitabu cha darasani hata kimoja.

Waliofika Burma walishuka katika Bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua za masika ya huko zikiwa zimeshika. Huko adui alikuwa Mjapani, na pia malaria, homa za msituni, matope na ruba. Waliwafuata Wajapani hatua kwa hatua hadi mto Chindwin, na mwezi Desemba 1944 wakaingia Kalewa. Hapo wahandisi walijenga daraja la chuma la futi 1,154, yaani mita zipatazo 350, ambalo wakati ule lilitajwa kuwa refu kuliko yote ya aina yake duniani. Juu yake lilipita jeshi lililokwenda kuikomboa Burma.

Kijijini kwetu alikuwako babu mmoja aliyepita njia hiyo. Sisi watoto tulitaka atuambie amewaua Wajapani wangapi. Yeye alituambia jinsi walivyokata magogo na kuyalaza matopeni mamia kwa mamia ili magari yapite, na jinsi barabara ya asubuhi ilivyokuwa imemezwa na tope ifikapo jioni, wakaanza upya. Alisema, "Vita ni kulima shamba la mtu mwingine kwenye mvua." Alituambia pia kwamba Kiswahili alikijulia jeshini. Katika kikosi chake walikuwamo watu wa makabila mengi wasioelewana kwa lugha nyingine yoyote, nacho Kiswahili cha kambini, KiKAR kama kilivyoitwa, hakikuwa na adabu ya sarufi lakini kilifika. Maneno hayo niliyakumbuka nilipokuja kusoma chuoni jinsi lugha yetu ilivyoenea bara. Katika walioisambaza, askari wamo, tena mstari wa mbele.

Kurudi nyumbani

Walirudi kuanzia mwaka 1945. Walikuwa wameona mambo mengi: Mzungu akilia, Mzungu akikimbia, Mhindi akidai uhuru waziwazi katika nchi yake. Lakini malipo ya kuachishwa kazi hayakukokotolewa kwa cheo na muda wa utumishi peke yake, bali na kwa rangi pia. Mzungu aliyekuwa na cheo sawa na cha Mwafrika, aliyekula vumbi lile lile, alipewa zaidi mara kadhaa. Wala Mwafrika, hata angekuwa hodari namna gani, hakupewa uofisa katika Keya wakati wa vita ile.

Tusitie chumvi. Wengi wa askari wale hawakuingia katika siasa. Walirudi kwenye jembe na ng'ombe wao, wakaoa, wakalipa kodi kama watu wengine. Lakini wako walioileta vita nyumbani kwa namna nyingine. Abdulwahid Sykes na nduguye Ally Sykes wa Dar es Salaam walitumikia Keya hadi Burma. Baba yao, Kleist Sykes, alikuwa askari wa Kijerumani katika vita ya kwanza, kisha akawa miongoni mwa waanzilishi wa African Association mwaka 1929. Wanawe wawili walikuwa katika harakati zilizozaa TANU tarehe 7 Julai 1954. Hao tunawajua. Na kwa nini tunawajua? Kwa sababu familia ile ilitunza karatasi zake, na wako watu walioketi, wakauliza na kuandika. Tofauti kati ya Sykes na sajini-meja wa Colito haiko katika ushujaa. Mmoja aliandikwa, mwingine hakuandikwa.

Vita ya Kagera

Kizazi cha tatu ni chetu wenyewe. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia mkoa wa Kagera, yakaua, yakapora, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutapigana. Pamoja na wanajeshi wa kudumu walikwenda mgambo, polisi, askari magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Mvamizi alitolewa nchini, kisha akafuatwa: Masaka, Lukaya, Entebbe, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikawa mikononi mwa majeshi yetu na wapiganaji wa Uganda walioshirikiana nao. Mapigano yalikwisha mwezi Juni 1979 katika mpaka wa Sudan.

Safari hii askari hakwenda kwa ajili ya mfalme wa ng'ambo. Alikwenda kwa ajili ya Kyaka, Mutukula na Bukoba. Waliokufa walizikwa kwa heshima huko Kaboya, wilayani Muleba, na kila tarehe 25 Julai taifa huadhimisha Siku ya Mashujaa. Hapo tumefanya vizuri kuliko waliotutawala, na ni haki tujipongeze.

Lakini makaburi hayasimulii. Enzi zetu hapa shuleni tulikuwa na mwalimu wa jiografia aliyepigana vita ile akiwa kijana wa mgambo. Alikuwa hodari wa ramani kupita kawaida. Aliweza kuuchora mto Kagera ubaoni bila kutazama kitabu, na kila kona yake. Hakuwa msimuliaji. Siku ya mahafali yetu nilimwuliza anakumbuka nini zaidi katika vita ile. Alinyamaza kidogo, halafu akaanza kutaja majina. Yalikuwa majina kumi. Aliyataja polepole, kwa utaratibu, kama anayeita mahudhurio darasani: huyu wa Singida, huyu wa Newala, huyu wa Same. Ilikuwa seksheni yake. Baada ya majina mawili alitulia kidogo, na sikuhitaji kuuliza sababu. Hakutaja risasi wala bomu hata moja. Nadhani alinijibu sawasawa.

Kazi iliyo mbele yetu

Kumheshimu askari si kuisifu vita, wala si kuisifu serikali iliyompeleka. Babu wa Burma hakuchagua vita yake, na mpagazi wa mwaka 1917 hakuulizwa hata neno. Twaweza kuulaani ukoloni kwa kinywa kipana na bado tukamheshimu mtu aliyebeba mzigo wake. Wanaosema kwamba askari wa Keya wasikumbukwe kwa kuwa walimtumikia Mwingereza, waulizwe kama wapagazi nao wasahauliwe kwa sababu hiyo hiyo. Mtu aliyedhulumiwa na mwenye nguvu hastahili kudhulumiwa tena na wajukuu zake.

Wapagazi hatuna tena wa kuwauliza. Wa Burma, kama wapo, wamekaribia au wamepita miaka mia moja. Lakini kijana aliyekuwa na miaka 20 Kampala ilipotekwa, leo ni mzee wa miaka sitini na kitu. Yuko jirani. Yuko msikitini na kanisani, anakaa kwenye benchi la zahanati akingoja kuitwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na jina lililo katika kichwa cha mzee mmoja tu halijahifadhiwa.

Kwa hiyo natoa mapendekezo kwa chama chetu na kwa shule. Kwanza, kiwekwe katika maktaba ya shule kitabu kimoja kigumu, cha kurasa nyingi, kiitwe Kitabu cha Askari. Pili, kila mwanafunzi wa kidato cha tatu, aendapo likizo, amtafute mzee mmoja wa kijijini au mtaani kwake aliyetumikia jeshi, awe wa cheo chochote, awe mpishi au dereva. Amwamkie vizuri, amwombe ruhusa, wala asimlazimishe kusema asichotaka. Amwulize mambo matano tu: jina lake kamili, kikosi chake, mahali alipotumikia, kazi aliyofanya, na majina ya wenzake anaowakumbuka. Jambo hilo la tano ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu aliye hai ndiye daftari la wasiorudi.

Tatu, sisi wanafunzi wa zamani tufungue masanduku ya nyumbani. Cheti cha kuachishwa jeshi, medali iliyogeuzwa kuwa chombo cha kuchezea watoto, picha iliyoliwa na mchwa pembeni, vyote vina jina au namba. Vinakiliwe, nakala iletwe shuleni, na chenyewe kibaki na wenyewe.

Nne, kila ikaribiapo tarehe 25 Julai, badala ya hotuba ndefu, wanafunzi wasimame mstarini asubuhi na mmoja wao asome majina yaliyomo katika kitabu hicho. Mwaka wa kwanza huenda yakawa ishirini tu, na zoezi lote lisichukue hata dakika mbili. Yasomwe hivyo hivyo. Mwaka unaofuata yatakuwa mengi zaidi, na mwaka mwingine mengi zaidi ya hayo.

Mimi nitayaleta ya kwanza kumi na moja: la mwalimu wetu, na yale kumi aliyonitajia.